Usiku wa Mwisho wa Safari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao huusoma ukurasa huu kabla haujafika mikononi mwa waume zenu, tunawaandikia haya tukiwa Tanga, baada ya sala ya Isha tuliyoisali rakaa mbili. Kesho, Mwenyezi Mungu akipenda, tutapita Horohoro na Lungalunga, tutavuka kivuko cha Likoni, na kabla ya Magharibi tutakuwa kwetu Ziwa la Ng'ombe. Hii basi ndiyo Isha yetu ya mwisho ya kupunguza. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hutimiza sala zake. Maskati, Madina na Makka tulitimiza, njiani tukapunguza. Usiku huu tumetoa salamu ya rakaa ya pili kisha tukabaki tumekaa juu ya mswala, kwani tumehisi kwamba ruhusa ile inatuaga.

Ni siku 39 tangu tutoke nyumbani, sisi na mwenzetu. Tumepita Tanzania, Omani na Saudia, na sasa tumerudi tena Tanzania. Hatutawaeleza kila mji na kila chakula, kwani msafiri anayesimulia kila kitu huwachosha waliobaki. Tutaeleza yale ambayo hatukuweza kuyalaza.

Kwanza tuseme kweli kuhusu nauli. Nusu yake imetoka kwenye mahamri. Kwa miaka mingi mwenzetu huamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akasukuma unga, akauza mahamri na mbaazi mlangoni, na sehemu ya mauzo akaitia katika mchezo wa akina mama wa mtaani. Ilipomfikia zamu yake hakununua kabati wala bangili. Alituwekea fedha mbele yetu akasema, "Maalim, nataka kumwona Mama Mkubwa kabla hajaondoka duniani, au sijaondoka mimi." Safari hiyo tulikuwa tumemuahidi tangu mtoto wetu wa kwanza hajaanza kusoma Juzuu Amma. Mtoto huyo sasa ana watoto wake. Kila mwaka tulikuwa na udhuru, na nyudhuru zetu zilikuwa nzuri: paa la madrasa, ada za skuli, wageni wa Umra waliotaka kiongozi. Makka tumeiona mara tatu kabla ya hii, na mara zote tatu yeye alibaki Ziwa la Ng'ombe akituangalilia nyumba na wanafunzi.

Huyo Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yake. Walizaliwa Unguja. Mdogo aliolewa Mombasa kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mkubwa aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi hayo, akakaa Dar es Salaam miaka michache, kisha akaingia Maskati baada ya mwaka 1970, wakati Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Mwenzetu alimwona mara moja tu, akiwa mtoto. Lakini mama yao wote wawili, yaani bibi yake mwenzetu, alifariki mwaka 1963 na kuzikwa Unguja.

Tulipokuwa Unguja mara ya kwanza, tukielekea Maskati, tulilala huko siku tatu. Siku ya pili mwenzetu akasema, "Twende tukalitafute kaburi la bibi." Tukamjibu kwamba tutalitafuta tukirudi, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tumeshapanga gari la kwenda Kizimkazi. Na Kizimkazi tulikwenda. Tuliusali ule msikiti wa kale, tukasimama mbele ya kibla chake kutazama maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107 wa Miladi. Tulifurahi kama mtoto aliyepewa Idi. Tuliandika kurasa sita katika daftari letu. Mwenzetu alikaa kivulini akitungoja, wala hakusema neno.

Maskati tulipokewa kwa heshima ambayo hatukuistahiki. Mama Mkubwa sasa ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, amekaa juu ya godoro lake karibu na dirisha, macho yamepungua lakini masikio hayajapungua. Kiswahili chake ni kile cha Unguja ya zamani, hakikupitiwa na redio wala na magazeti ya leo. Wajukuu zake ni vijana wenye adabu, wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili wanakisikia, lakini wakijibu hujibu kwa Kiarabu. Mwenzetu alikaa naye amemshika mkono kwa muda mrefu, mmoja akilia mwingine akicheka, kisha wakabadilishana. Halafu yule mzee akauliza swali moja tu: "Mmempitia mama?"

Mwenzetu alitazama chini. Sisi ambao tumezoea kusema juu ya mimbari tulifungua kinywa, tukaanza kueleza habari za Kizimkazi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Alhamdulillah. Na mama je?"

Tumesomesha zaidi ya miaka thelathini, na hatukumbuki kuulizwa swali lililotunyamazisha namna ile. Kosa lilikuwa letu sisi, si la mwenzetu, na tulilikiri mbele yake. Hakukasirika. Alimwita mjukuu alete karatasi, akamwelekeza achore: mlango wa makaburi, ukuta, mwembe mkubwa, na kaburi upande wa kibla wa mti huo, lenye jiwe la kichwani lenye ufa. Karatasi hiyo tuliikunja tukaitia ndani ya msahafu wetu, na imekwenda nasi Makka na kurudi.

Katika zile wiki mbili, jikoni kulikuwa kwa mwenzetu. Siku ya kwanza alipoponda iliki kwa ajili ya mahamri, Mama Mkubwa aliita kutoka chumbani, "Nani huyo ameingia na Unguja?" Wale wajukuu waliosema hawajui Kiswahili walijifunza siku hiyo maneno matatu: hamri, mbaazi, na ongeza.

Walitupeleka pia Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Maskati, na hapa tunaomba radhi tukae kidogo. Ngome ya Nizwa yenye mnara mnene wa duara ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif wa Yaaruba, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyetuma majeshi yaliyoizingira Ngome ya Yesu hapa kwetu kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698. Kwa hiyo mtu wa Mvita akisimama Nizwa asijione mgeni kabisa. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo chini ya ngome hiyo: wenye mbuzi na ng'ombe huwazungusha katika duara, na wanunuzi hukaa ndani na nje ya duara wakiita bei. Walikuwapo na wanawake wa kibedui wenye barakoa zao, wakipapasa mbuzi na kubishania bei bila haya wala makelele. Mwenzetu alisema kwamba mtaa wetu una jina la ng'ombe lakini mnada huu ungetushinda.

Lakini kilichotushika si ngome wala mbuzi, ni maji. Omani ni nchi kavu. Watu wa kale walichimba mifereji inayoitwa falaji, wakayatoa maji chini ya milima na kuyaongoza kwa mteremko mdogo sana mpaka mijini, pasi na pampu. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mmoja wao ni Falaji Daris ya hapo Nizwa. Maji yanapotokeza juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kunywa, na hapo hakuna anayelipa. Kisha hupita msikitini na mahali pa kuogea na kufulia, na mwisho ndipo huingia mashambani. Huko mashambani kila mtu ana zamu yake inayopimwa kwa wakati. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na kuna wakili anayesimamia hesabu.

Mwenzetu alivua viatu akatia miguu ndani ya maji. Mtu wa Ziwa la Ng'ombe atajua kwa nini alikaa hapo muda mrefu. Mtaa wetu umeitwa ziwa, na sisi tunanunua maji kwa mtungi, kutoka kwenye mkokoteni, na bei hupanda siku ambayo mabomba yanakauka, yaani siku ambayo unayahitaji zaidi. Wanaobeba mitungi hiyo kutoka mlango wa njia hadi jikoni ni wanawake na watoto wa kike, na mara nyingi tumewaona wanafunzi wetu wa kike wakichelewa darsa ya asubuhi tukawauliza kwa ukali, na jibu ni hilo hilo: maji. Tulimuuliza mwenyeji wetu ni nani mwenye haki ya kwanza mwaka ambao maji yanapungua. Akashangaa kuulizwa. "Mwenye kiu," akasema.

Kuhusu Madina na Makka hatutasema mengi. Waliokwenda wanajua, na wasiokwenda Mwenyezi Mungu awajaalie. Tutataja moja. Baada ya Alfajiri huko Madina wanaume huruhusiwa kuingia Baqii, na sisi tuliingia. Wanawake hubaki nje. Humo wamezikwa Masahaba wengi na watu wa nyumba ya Mtume (s.a.w.), na hakuna majina; ni ardhi na mawe. Tumesomesha kwa miaka kwamba kaburi lisijengewe wala lisipambwe, nasi tungali juu ya msimamo huo. Lakini tulikumbuka pia kwamba Mtume (s.a.w.) alipomzika Uthman bin Madhun aliweka jiwe kichwani ili alitambue kaburi la ndugu yake. Hadithi hiyo tunaijua tangu ujana, na darsani tumekuwa tukiipita haraka. Tulipotoka, mwenzetu alikuwa amesimama nje ya ukuta. Hakuuliza tulichokiona ndani. Aliuliza, "Ile karatasi ya Mama Mkubwa ingalipo?"

Tulirejea Unguja Jumatatu. Safari hii hatukukodi gari la mahali popote. Tulikwenda makaburini tangu asubuhi, yeye akiingia pamoja nasi. Wanazuoni wamesema mengi kuhusu mwanamke kuzuru makaburi, na sisi tumeyasomesha hayo. Siku ile hatukumfungulia kitabu. Mlango tuliupata, na ukuta tuliupata. Mwembe haupo. Mzee mmoja anayefyeka nyasi pale alituonyesha kisiki kilichooza, akasema mti ulikatwa zamani, yeye angali kijana. Upande wa kibla wa kisiki hicho yapo makaburi matatu mstari mmoja, na mawe yote matatu ya kichwani yana nyufa, kwani miaka zaidi ya sitini haiachi jiwe zima.

Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Mwenzetu alipapasa kila jiwe kwa mkono, kama atakayetambua kwa vidole. Mwishowe tuliyang'oa magugu ya makaburi yote matatu, tukatoa salamu, tukawaombea wote watatu.

Jioni ikabidi kupiga simu Maskati. Mwenzetu alitunong'oneza kwamba mzee yule hatapata kuja Unguja tena maisha yake, na kwamba neno moja tu, "tumelipata", lingempa usingizi. Wasomaji, si uongo wa kutafuta faida alioutaka. Tulikaa kimya. Hatukumkataza, maana tulikuwa tumekwisha poteza haki ya kumkataza siku ile ya Kizimkazi. Akapiga simu, akasalimu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, mti haupo. Yapo makaburi matatu, na hatukulijua la bibi ni lipi."

Upande wa pili kulikuwa kimya, tukadhani simu imekatika. Halafu sauti ikaja: "Mmeyasafisha yote?"

"Yote, Mama."

"Basi. Mama hakuwa akipika akala peke yake. Kila chungu kilikwenda kwa majirani kwanza. Mmefanya kama alivyofanya yeye." Kisha akauliza kama mwenzetu amekula, na bei ya nazi Unguja siku hizi.

Sasa ni usiku, na bahari ya Tanga inasikika kwa mbali. Begi limefungwa. Tulitoka Jidda na chupa mbili za Zamzam, lita tano kila mmoja; moja tuliiacha Maskati kwa Mama Mkubwa, imebaki moja. Mwenzetu amekaa kitandani na kalamu, anahesabu nyumba za mtaa wetu kuanzia kwa muuza mkaa hadi kwa yule mama mwenye mapacha. Amefika nyumba ya arubaini na tatu, na anasema kwamba kijiko cha chai hakitoshi na kikombe ni kikubwa mno, je, kuna kipimo gani baina ya hivyo viwili. Tumemshauri kikombe cha kahawa. Amesema atafikiri. Basi letu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.