Hoteli ya Fahari na Mgeni Kutoka Kharumwa

Kama unaishi huku kwetu Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, unajua kwamba mambo mengi mazito ya maisha yetu humalizikia Mwanza. Mgonjwa aliyeshindikana hapa hupelekwa Bugando. Mtoto aliyepata nafasi ya chuo husindikizwa huko. Mwenye duka hufuata mali huko, na mwenye karasha ya kusagia mawe ya dhahabu hufuata vipuri huko huko. Zamani safari hiyo ilikuwa nusu mwendo na nusu subira: vumbi hadi Sengerema, kisha foleni ya kivuko pale Busisi, ambako abiria aliweza kumaliza mahindi ya kuchoma, karanga na habari zote za jirani yake kabla ya kuyavuka maji. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 kati ya Busisi na Kigongo, na maji yaliyotutesa miaka yote hiyo sasa unayavuka kwa dakika chache, bila kunyanyuka kitini.

Msafiri wa leo, basi, hufika stendi ya Nyegezi jua likiwa bado juu, ana nguvu, na ana wakati wa kuchagua pa kulala. Jambo ninalotaka tulizungumze Jumapili hii ni hilo la pa kulala, na hasa zile hoteli kubwa za mjini ambazo wengi wetu huzitazama kwa mbali tukisema moyoni kwamba siku moja, Mungu akijalia, nasi tutalala humo.

Kishawishi chenyewe si kidogo. Mwanza umejaliwa mandhari ambayo miji mingine huiona katika picha tu: vilima vya mawe yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga kwa mkono, ziwa lililolala chini yake, Jiwe la Bismarck limesimama majini kama mlinzi asiyelala, na rasi ya Capri Point iliyofunikwa na miti na nyumba za wenye nafasi. Hoteli za fahari zimejengwa zikitazama uzuri huo. Mtu aliyeshinda mwaka mzima shambani, au ndani ya duara akichimba kwa kamba na tochi, ana haki kabisa ya kutamani usiku mmoja wa shuka nyeupe, maji ya moto na utulivu. Wako watakaosema huo ni ubadhirifu. Waache waseme, jasho si lao.

Mwaka jana niliandamana na mzee mmoja wa Nyijundu, mkulima mwenye sehemu yake katika duara moja la dhahabu, aliyekuwa akimpeleka mkewe Bugando kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Mama alitakiwa kuingia wodini siku ya Jumatatu. Sisi tulifika Jumamosi jioni. Mzee alikuwa ameuza gramu zake alizozificha kwa ajili ya bati, akalipia siku mbili katika hoteli kubwa ya mjini, ambayo jina lake halina haja hapa. Sababu aliyonipa ilinifunga mdomo. Alisema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao mkewe hajapata kulala katika nyumba ambayo si yeye wa kwanza kuamka. Kwa kuwa hakuna ajuaye siri ya kisu cha daktari, alitaka alale hivyo walau mara moja.

Kwa simu tuliahidiwa chumba cha ghorofa ya kwanza, kinachotazama ziwa, kilicho mbali na kelele. Tulipofika getini, mlinzi hakutuambia karibuni. Alituuliza tunamtafuta nani. Mapokezi tulisalimiwa kwa Kiingereza na binti aliyevaa vizuri sana, na mzee akamjibu, "Marahaba," kwa kuwa ndilo jibu alilozoea kuwapa wasichana wa umri ule. Tukatakiwa kulipa fedha zote taslimu kabla ya kuuona ufunguo. Nyuma yetu aliingia bwana mmoja mwenye kitambulisho cha kampuni shingoni. Yeye aliweka sahihi tu, akapewa ufunguo na glasi ya maji ya matunda.

Chumba tulichopewa kilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi, na kwa jinsi karatasi ile ilivyopauka, ilikuwa imekaa pale muda mrefu. Mama alipanda ngazi akishika tumbo, akipumzika kila kona. Dirisha lilitazama ukuta na bomba la moshi la jenereta. Bafuni, koki yenye alama nyekundu ilitoa maji baridi, na ile yenye alama ya buluu haikutoa kitu. Kiyoyozi kilidondosha maji juu ya zulia, tone kwa tone. Haya yote mama aliyachukulia kwa utani. Kisha, yapata saa tatu usiku, muziki ukaanza kando ya bwawa la kuogelea chini ya dirisha letu, nao haukunyamaza hadi saa nane. Mzee alishuka mara mbili kuomba upunguzwe, kwa heshima, akieleza kuwa ana mgonjwa. Mara zote mbili aliambiwa, "Mzee, leo ni Jumamosi."

Asubuhi mama aliomba uji. Uji haukuwapo, palikuwa na nafaka za pakiti, za kuliwa na maziwa baridi, katika mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi, mtama na mpunga.

Tangu jioni hadi asubuhi ile, pole hatukuisikia. Hapa Kharumwa utapewa pole na mtu asiyekujua hata ukijikwaa tu barabarani.

Nimeifikiria sana hali hii, kwa maana wahudumu wale hawakuwa watu wabaya. Wengi wao kwa rafudhi yao ni watoto wa Usukumani kama sisi, na nina hakika hawakufunzwa nyumbani kumpita mama mgonjwa kwenye ngazi. Naona chanzo kimo katika swali la nani anayelipa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mwanza ilipata wageni wa namna mpya. Viwanda vya minofu ya sangara viliwaleta wanunuzi, na migodi mikubwa iliyotuzunguka huku, Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, iliwaleta mainjinia waliokuwa wakipita mjini kuelekea machimboni. Baadaye wakaja watu wa semina na warsha. Wageni hao wote wana jambo moja linalowaunganisha: bili zao hulipwa na mtu mwingine. Mwenye kulipiwa na kampuni hashughuliki sana kama koki nyekundu inatoa baridi. Aoga, alala, achukua risiti, aondoka. Hoteli inayowapokea watu wa namna hiyo mwaka hadi mwaka husahau kwamba yuko pia mgeni anayelipa kutoka mfuko wa shati lake. Siku akitokea, wanamwona kama aliyepotea njia, ndipo mlinzi anapomwuliza anamtafuta nani.

Lakini nusu ya pili ya jambo hili iko upande wetu wenyewe, na hapo ndipo nilipostaajabu. Mzee yule namjua. Pale karashani atabishana hadi jua lizame juu ya pointi moja ya dhahabu. Zamani walanguzi waliwapunja wachimbaji kwa mizani za kuchezewa, na watu wa rika lake walijifunza kwa machungu kuitazama mizani kwa jicho lisilopepesa. Soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, yeye alikuwa miongoni mwa waliolisifu, kwa sababu mzigo hupimwa mbele ya macho ya mwenye mali. Mtu huyo huyo, usiku ule, alikaa ukingoni mwa kitanda akiusikiliza muziki, asiseme zaidi. Nilipomwuliza kwa nini anavumilia, alinijibu maneno mawili: "Nyumba kubwa."

Hofu ya nyumba kubwa tumeirithi. Hoteli ya fahari ilikuja nchini kwetu pamoja na mtawala. Ile New Africa ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilizaliwa enzi ya Wajerumani ikiitwa Kaiserhof, na Mwafrika aliyeingia hoteli za aina hiyo aliingia na sinia mkononi. Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965, taifa lilikuwa changa na kila mtu aliiona kuwa ni yake, hata asiyepata kukanyaga mlangoni. Ikafuata miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, ambapo hata katika hoteli za umma zenye jina mgeni alikosa sabuni, sukari na taa ya bafuni. Waliolala humo miaka ile wanakumbuka jibu la "imekwisha". Hata hivyo, walivumilia wakijua nchi nzima haina fedha za kigeni, na kwamba sabuni haipo hata dukani. Leo sabuni imejaa maduka yote kuanzia Kirumba hadi Kharumwa. Fundi wa lifti yupo. Sioni ni uvumilivu wa nini tena.

Jumapili asubuhi mzee aliuweka ufunguo juu ya meza ya mapokezi, akaomba kumwona meneja. Alikuja kijana mpole, mwenye shati lililonyooshwa. Mzee akamwambia, "Mwanangu, naomba tupime. Nilinunua chumba cha kutazama ziwa, nikapewa cha kutazama ukuta. Nilinunua ghorofa ya kwanza, nikapewa ya tatu. Nilinunua usingizi, sikupewa kabisa." Hakupaza sauti. Alizungumza kama azungumzavyo na mnunuzi. Kijana alieleza habari za wageni wengi na mkutano wa ghafla. Mzee akasubiri amalize, kisha akayarudia maneno yale yale. Baada ya kwenda na kurudi, tulirudishiwa fedha za usiku wa pili zote, na za usiku wa kwanza hatukupata. Meneja alitusindikiza mpaka getini, na njiani akatuambia kwamba tangu ashike kazi ile hajapata kulalamikiwa na mgeni kutoka vijijini; wote huondoka kimya, naye alidhani wameridhika.

Usiku wa pili tulilala gesti moja ya Mkuyuni. Mama alipata uji wa ulezi. Jumatatu aliingia wodini, akapasuliwa, na msimu huu amekwisha kupalilia.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba maneno ya mzee yule hayakuwa ya kuomba hisani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mwenye biashara kumdanganya mlaji juu ya huduma anayomuuzia, na chumba kisicho kile kilichoahidiwa ni sawa na mbolea isiyo ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Nyota za hoteli nazo si pambo la fundi rangi. Hutolewa baada ya ukaguzi wa Wizara yenye dhamana ya utalii, kwa vigezo vilivyokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki; lile neno "kifahari" ndilo ambalo yeyote aweza kulipaka ukutani. Tena tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, kwa hiyo ukitajiwa dola mapezoni pa hoteli, uliza bei ya shilingi bila kuona haya. Omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Fungua koki zote mbili. Uliza kama kuna ngoma usiku. Mwenye chumba kizuri hatakasirika, maana anajua utakachokikuta.

Nayasema haya pia kwa sababu Kharumwa yenyewe inabadilika. Tangu wilaya yetu ianzishwe pamoja na Mkoa wa Geita mwaka 2012, maofisa huja na kuondoka, wanunuzi wa dhahabu huja na kuondoka, na nyumba za kulala wageni zinaongezeka. Mpya kati ya hizo zina vigae na vioo, na wenye nazo huenda Mwanza kutazama wenzao wanafanyaje. Moja nimeona imekwisha kuweka mlinzi mlangoni mwenye swali lile lile, na kibao cha Kiingereza chenye kutangaza maji ya moto. Mtambo wa kuyachemsha, mgeni mmoja aliniambia, haujaunganishwa umeme. Bei ni maradufu ya gesti za zamani.

Gesti za zamani bado zipo. Katika ile ninayowapeleka wageni wangu, mama mwenye nyumba huchemsha maji ya kuoga kwa kuni na kuyaleta kwa ndoo, akibisha mlango kwa kiwiko. Mazungumzo ya sebuleni hukatizwa saa nne. Daftari lake la wageni lina safu za jina, atokako na aendako kama madaftari mengine, na pembeni amechora kwa rula safu moja ya ziada, ya saa ya basi, ili ajue nani wa kumwamsha kwanza.