Herufi Iliyochekwa

Jicho la mtu ni jepesi kuhukumu na zito kuungama. Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa watu wanaoicheka aina moja ya herufi za chapa iitwayo Comic Sans. Watumiaji wa kompyuta waijua: herufi za mviringo, zisizo na madaha, zilizokaa kama mwandiko wa mtoto mwangalifu.

Nafundisha shule ya msingi huko Karen, magharibi ya jiji la Nairobi. Asubuhi moja, nikipita kwa miguu kati ya nyua za michongoma, niliona langoni kibao kilichoonya kuwa ndani mna mbwa mkali. Onyo hilo liliandikwa kwa Comic Sans. Nilicheka peke yangu njiani. Ni mbwa gani huyo, nilijiuliza, atishaye watu kwa herufi za mchezo?

Kicheko hicho nilikipeleka shuleni. Mwalimu mwenzangu alikuwa amebandika maneno ya kusoma katika ukuta wa darasa la kwanza, yote kwa herufi hizo. Nilimwambia kuwa watoto hawana budi kuzoezwa heshima tangu mapema. Nikayabandua, nikayachapa upya kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932. Ukuta ukapata adabu, nami nikaridhika.

Juma lile mtoto mmoja, aliyekuwa akisoma vyema ubaoni, alianza kukwama. Nilimwita mbele ya ukuta nikamwonyesha neno "kaka". Akanyamaza. Nikamkemea kwa uvivu, na machozi yakamlengalenga. Kisha aliweka kidole juu ya herufi ya pili, akasema, "Mwalimu, hii hujatufundisha."

Nilitazama pale alipoonyesha, nikaona haya. Ubaoni nilikuwa nikiandika a kama duara lenye kijiti ubavuni. Ukutani a ilikuwa na tumbo chini na kulabu juu ya kichwa. Mtu mzima huziona mbili hizo kuwa moja kwa sababu amesahau siku alipojifunza. Mtoto bado yumo katika siku hiyo. Tena, katika Kiswahili hapana herufi itokeayo mara nyingi kuliko a. Baba na mama, kaka na dada, hawasomeki bila yake. Comic Sans huichora a kama mwalimu aichoravyo ubaoni. Siku ile ile niliyarudisha maneno ya mwanzo, nikamwomba radhi mtoto, kisha mwenzangu.

Baadaye nilitafuta asili ya herufi hizo. Zilibuniwa mwaka 1994 na Vincent Connare, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Microsoft. Aliona programu iliyotengenezwa kwa wageni wa kompyuta, ambamo mbwa wa katuni alisema kwa Times New Roman, akahisi kuwa vazi hilo halimfai mbwa. Kumbe herufi nilizozicheka langoni zilizaliwa kwa ajili ya mbwa!

Wanaozichukia ni wengi. Huko Marekani, Dave na Holly Combs walianzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku. Mwaka 2012, mwanasayansi Fabiola Gianotti alipozitumia huko CERN, karibu na Geneva, kueleza ugunduzi wa chembe mpya ya maada, wako waliocheka herufi badala ya kustaajabia habari. Lakini Chama cha Disleksia cha Uingereza huzitaja miongoni mwa herufi zinazoweza kuwafaa watu ambao kusoma kwao ni kugumu.

Sisemi kuwa herufi hizi zafaa kila mahali. Tangazo la msiba au hati ya mahakama yataka sura nyingine, kama vile mtu haendi mazikoni na nguo za ngoma. Lakini kosa hilo ni la mvaaji, si la nguo. Kitu huwekwa mahali pasipo pake, kikachekwa. Na kicheko kikizoeleka hukifuata hata mahali kinapofaa. Mimi nilikifuata hivyo mpaka ukuta wa darasa la kwanza, na aliyelipa gharama ya kicheko changu alikuwa mtoto wa miaka sita.

Basi, msomaji kijana, utakapoona watu wengi wanacheka kitu kimoja, uliza kwanza kilifanywa kwa ajili ya nani. Huenda huyo hayumo kati ya wachekaji.