Maumivu na Fadhila Yake

Maumivu hayana rafiki. Mtu huyakimbia ayaonapo mbali, huyalaani yamfikapo, na hutoa fedha yake ya mwisho kununua dawa ya kuyafukuza. Lakini kitu kichukiwacho si lazima kiwe adui. Mbwa hubweka usiku wa manane akavunja usingizi wa bwana wake, na bwana humkaripia asijue kuwa mwizi alikwisha shika komeo la mlango. Maumivu ni mlinzi wa namna hiyo katika nyumba ya mwili. Mwiba ukichoma hupiga kelele. Kiatu kikibana hunung'unika. Kaa la moto likigusa huurusha mguu kabla akili haijapata habari. Thamani ya mlinzi huyu haijulikani mpaka siku anyamazapo.

Kunyamaza huko ndiko kuwapatako watu wengi wenye ugonjwa wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu, na aghalabu huanza na ile iliyo mirefu kupita yote, yaani iendayo miguuni. Vidole huingia ganzi, kisha wayo, kisha kifundo. Wengine huhisi moto au sindano kwanza. Wengine hawahisi lolote, wakadhani kuwa wako salama. Pamoja na ganzi hiyo misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja, na uzito uliokuwa umegawanywa juu ya wayo mzima huelemea mahali pachache. Hapo huota sugu, nayo hukandamiza nyama iliyo chini yake kama kijiwe katika kiatu. Ngozi hukauka na kupasuka kwa kukosa jasho. Tena mishipa ya damu ikisongwa, jeraha hukosa damu ya kuliponya. Hivyo maradhi haya humnyang'anya mtu mlinzi wake, humbomolea ukuta, na humzuilia msaada.

Waswahili humsema mnafiki kuwa huuma na kupuliza. Asili ya msemo ni panya, ambaye husemwa kuwa huuma mguu wa aliyelala, kisha hupuliza ili asihisi. Kwa wenye kisukari msemo huu si fumbo. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, Zulfiqarali Abbas na wenzake, walieleza katika jarida la tiba habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku. Mtu mwenye ganzi anaweza kulala fofofo huku akitafunwa, akaamka asubuhi akakuta damu na kidonda. Panya wa namna hii hana haja ya kupuliza. Kisukari kimekwisha puliza kabla yake.

Elimu ya jambo hili ilitoka katika maradhi mengine. Tangu zamani watu walisadiki kuwa ukoma hula vidole vya mgonjwa wenyewe. Paul Brand, tabibu wa upasuaji aliyefika Vellore, Uhindi, mwaka 1946, aliwachunguza wakoma kwa saburi, akaona kuwa sehemu kubwa ya uharibifu ule ilitokana na majeraha, moto na mikandamizo ambayo wenyewe hawakuihisi. Vidole havikuoza kwa laana. Vilipotea kwa kukosa maumivu. Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na yale yaliyojulikana katika miguu ya wakoma yakawafaa wenye kisukari pia.

Msiba wa kukatwa mguu, basi, una nasaba yake. Mwaka 1990 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Seattle, Marekani, juu ya watu 80 wenye kisukari waliokatwa miguu au sehemu zake. Katika 84 kwa kila mia, kidonda kilikuwa miongoni mwa sababu. Katika 72 kwa kila mia mnyororo ulikuwa mmoja: jeraha dogo, kisha kidonda, kisha kidonda kukataa kupona. Pete ya kwanza ya mnyororo huo ni kitu cha kudharauliwa: msumari mdogo, lengelenge la kiatu kipya, ukucha uliokatwa vibaya. Mnyororo hukatika kwa urahisi katika pete ya kwanza. Katika pete ya mwisho hukatika kwa msumeno.

Wako wasemao kuwa kila aendaye hospitali na kidonda cha kisukari hukatwa mguu, kwa hiyo ni heri kukaa nyumbani na kujaribu majani na unga wa dawa. Hoja hii hutazama kisu ikasahau saa. Aliyefika siku ya tatu hurudi na bandeji; aliyefika mwezi wa tatu, mguu umekuwa mweusi na sumu inapanda, hubakiwa na hiari ya mguu au roho. Kisha jirani humwona akirudi na mkongojo, naye huficha kidonda chake. Woga wa kisu ndio unaokinoa kisu. Wengine husema ni kadari. Lakini mwaka 1934 Elliott Joslin, daktari wa Boston, alikwisha onya kuwa kuoza huku hakushuki kutoka mbinguni, bali huzaliwa hapa duniani.

Haifai lakini lawama yote kutwikwa mgonjwa. Mchuuzi wa samaki hana fedha ya viatu vya ngozi, na zahanati nyingi hupima damu zisiombe viatu vivuliwe. Mwaka 2004 ulianza Tanzania na Uhindi mpango wa mafunzo ulioitwa Hatua kwa Hatua. Daktari na muuguzi wa kituo kimoja walifundishwa pamoja kutazama miguu, kusafisha vidonda na kupunguza sugu. Chombo cha kupimia ganzi ni uzi wa nailoni upindikao kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi ukigusa wayo wake amekwisha poteza mlinzi.

Mlinzi akifa, mwenye nyumba hukesha mwenyewe. Jicho na mkono vishike zamu ya maumivu. Anayetawadha mara tano kwa siku huishika miguu yake mara tano. Na aikaushe baina ya vidole, na jicho lifuate mkono. Asiyeweza kuuona wayo atumie kioo au mjukuu. Kiatu kipapaswe ndani kabla ya kuvaliwa, maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, sugu isikatwe kwa wembe, na mguu usitembee mtupu hata sebuleni. Jeraha likionekana lipelekwe kwa tabibu siku ile ile, hata kama haliumi. Na kwa mtu huyu, zaidi likiwa haliumi.