Goti, Matope na Maji ya Nakivale

Atokaye Mbarara kwenda Nakivale huianza safari yake juu ya lami. Gari hushika njia ya kusini iendayo Isingiro, njia ile ile ambayo mbele yake hufika Kikagati kwenye Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Murongo katika nchi ya Tanzania. Vilima hupokezana, na juu ya vilima ni migomba, kwani Isingiro ni mojawapo ya maghala makubwa ya matoke katika Uganda. Halafu lami huachwa, vumbi huanza, migomba hupungua na mahali pake hushikwa na nyasi na miti ya miiba. Baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini huonekana bonde pana, mapaa ya mabati na ya maturubai yaliyotapakaa hata upeo wa macho, na kando yake ziwa tulivu lililozungukwa na mafunjo.

Kwa abiria mzima hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwa mtu atokaye hospitali na goti lililofungwa bandeji, hiyo ni safari ya kupangwa tangu jana yake. Viti vya taksi, kama Waganda waitavyo mabasi madogo ya abiria 14, vimesongamana hata magoti ya mtu mrefu hugusa mgongo wa aliye mbele. Goti lililopasuliwa likikunjwa hivyo kwa muda mrefu huvimba, na damu ikikaa bila kutembea katika mguu huweza kuganda. Ndiyo maana wazoefu hulipia kiti cha mbele, huomba gari lisimame njiani ili wanyooshe mguu, na hawathubutu kupanda pikipiki ya bodaboda kwenye kipande cha mwisho cha barabara, hata ikiwa dereva wake ni shemeji.

Mbarara yenyewe ni mji wenye mengi. Wasomaji wenye umri wanalikumbuka jina lake tangu Februari 1979, majeshi ya Tanzania yalipoutwaa pamoja na Masaka katika vita vya Kagera. Kabla ya hapo ulikuwa makao ya ufalme wa Ankole, uliofutwa mwaka 1967, na hata leo ng'ombe mwenye pembe ndefu amesimamishiwa sanamu mjini humo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilifunguliwa mwaka 1989, na Julai 2020 Mbarara ilipewa hadhi ya jiji. Lakini kwa mkimbizi wa Nakivale mji huo una maana moja kubwa: ni mahali penye hospitali ya rufaa. Zahanati na vituo vya afya vya makazi hutibu malaria, huzalisha akina mama na kufunga vidonda. Mfupa uliovunjika vibaya au goti lililochanika ndani hupelekwa Mbarara.

Mto Rwizi hupita katika mji huo. Hushuka kutoka vilima vya Buhweju, huwapa watu wa Mbarara maji ya kunywa, kisha huelekea mashariki kwenye vinamasi na maziwa ya Nakivale, Mburo na Kachera, na mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Hivyo mgonjwa arudipo nyumbani huwa anaufuata mto kuelekea chini, ingawa barabara haumwonyeshi.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale kabisa katika Afrika. Waliopokewa kwanza kwa wingi walikuwa Wanyarwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na leo wakaaji wake ni zaidi ya laki moja. Mgeni aliyezoea kusikia habari za kambi zilizozungushiwa seng'enge hushangaa, kwa maana hapa hakuna uzio. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, naye hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Katika masoko yake Kiswahili ndicho kinachowapatanisha Mfulero wa Uvira, Mrundi na mwenyeji wa Ankole, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Wengi wa Wakongo hao wamezaliwa kando ya maji. Kwao ni Uvira, Baraka na Fizi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika ambalo kina chake hufika mita 1,470, au Goma na Bukavu kwenye Ziwa Kivu. Kule mtoto hujua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na vijana hushindana kupiga kafi hadi mtumbwi wa mbali na kurudi. Kwa watu kama hao Ziwa Nakivale ni dogo: eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 26, na kina chake ni mita chache tu. Hata hivyo ni maji, na kuna samaki, sato na kambare na kamongo. Mfumo mzima wa vinamasi vya Mburo na Nakivale uliandikishwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye thamani kwa dunia nzima.

Sasa ni vema kulitazama goti. Mifupa miwili mirefu hukutana hapo, ule wa paja na ule wa muundi, na mbele yao imekaa pia ya goti. Katikati kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo kazi yake ni kupokea uzito, na kano mbili zinazopishana kama msalaba, ambazo huzuia mfupa mmoja usiteleze juu ya mwenzake. Goti limeumbwa kukunjwa na kunyooshwa. Halikuumbwa kuzungushwa. Wayo ukikwama mahali pamoja na mwili ukageuka, kano ya mbele hukatika, mara nyingine kwa mlio ambao mwenyewe huusikia. Wengi wa vijana wa Nakivale hupata jeraha hilo katika kandanda, kwenye viwanja vya vumbi na mashimo.

Hapo ndipo ubaya wa ziwa hili kwa mtu wa namna hiyo unapoonekana. Maji yenyewe ni rafiki wa goti. Mtu asimamapo ndani ya maji yafikayo kiunoni, miguu yake hubeba kiasi cha nusu tu ya uzito wake, na kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba ya viungo hupenda kuwatembeza wagonjwa wao majini. Adui ni matope. Ukingo wa Nakivale ni tope na mizizi ya mafunjo. Mvuvi ashukaye mtumbwini huzama hadi kwenye ugoko, wayo hunaswa, naye hapo hapo hugeuza kiwiliwili ili ausukume mtumbwi au avute wavu. Hakuna namna nyingine iliyo karibu zaidi na ile iliyomvunja uwanjani. Pondo nayo ni hatari ya aina hiyo hiyo, maana huchomekwa kwa kusimama na kujipinda.

Mganga aliyeshona kano mpya kwa kawaida huichukua kutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, au huambiwa wakiwa bado na usingizi wa dawa, ni kwamba kano hiyo haizidi kuwa imara siku hadi siku tangu mwanzo. Katika wiki na miezi ya kwanza hulegea, kwa kuwa mwili unaijengea mishipa ya damu na kuifanya upya, na ndipo baadaye hukaza. Maumivu, kwa upande wao, hupungua mapema. Kwa hiyo huja wakati, yapata mwezi wa 3, ambapo mtu hujisikia amepona kabisa na goti lake halijapona. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja kabla ya kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa goti kuumia tena.

Miezi 9 ni mingi. Mchezaji wa timu kubwa huko Ulaya hulipwa mshahara akiwa kitandani. Mvuvi wa Nakivale halipwi. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula na fedha kwa wakimbizi nchini Uganda umekatwa, na familia zimegawanywa kwa kiwango cha uhitaji, hivyo kibanda ambacho mwanamume wake hashuki ziwani huonja njaa upesi. Si haki kumlaumu arudiye mapema. Lililo la maana ni kutazama kazi ipi ya majini inaweza kufanywa na goti la miezi 4 na ipi haiwezi.

Matayarisho hufanyika nyumbani, na hayahitaji mashine. Kazi ya kwanza ni kuunyoosha mguu hadi uwe sawa na mwenzake, kwa maana goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote. Mgonjwa hukaa mkekani, huweka kanga iliyokunjwa chini ya kisigino, na kuukaza msuli wa paja hadi goti lishuke. Barafu haipatikani kirahisi, lakini kitambaa kilicholowekwa katika maji ya mtungi hupoza uvimbe kwa kiasi. Paja la upande uliopasuliwa hukonda mno, na njia nyepesi ya kulipima ni uzi: hupimwa paja zima kwa upana wa kiganja juu ya pia ya goti, likatiwa fundo, kisha hupimwa lile bovu. Mama wa nyumbani anaweza kuutunza uzi huo na kuupima tena kila mwezi. Baadaye huja kupanda ngazi au kilima, kukaa na kuinuka kitini, kusimama kwa mguu mmoja. Homa, usaha kidondani, au maumivu na uvimbe wa ghafula kwenye shavu la mguu ni mambo ya kumrudisha mtu kwa daktari siku hiyo hiyo.

Maji hayaguswi kabla kidonda hakijafunga kabisa na daktari kuruhusu. Na yanapoguswa, mara ya kwanza isiwe ziwani. Katika maziwa ya Uganda kuna kichocho, na katika mfumo huu kuna viboko pia. Mbarara kuna mahoteli yenye mabwawa ya kuogelea, na mtu aliyekwenda mjini kuonana na daktari akiweza kulipa kiingilio hupata saa moja ya kutembea katika maji safi yenye sakafu ngumu. Aanze kwa kutembea. Kisha apige miguu iliyonyooka, juu na chini. Ule uogeleaji wa chura, ambao watoto wa Tanganyika huupenda kwa sababu hauna kelele, uje mwisho kabisa, kwa kuwa huusukuma muundi kwa nje na kulipinda goti.

Kupiga kafi huja mapema zaidi kuliko wengi wadhanivyo. Katika mashindano ya dunia ya makasia, ambayo Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa Mganda wa kwanza katika mchezo huo, kiti huteleza na magoti hukunjwa hadi kifuani kwa kila pigo, kwa maana nguvu hutoka miguuni. Mtumbwi wa Nakivale hauko hivyo. Mpiga kafi hukaa juu ya ubao, goti likiwa limetulia, na kazi ni ya mabega na mgongo. Asipige magoti tu, kama wafanyavyo wengine katika mitumbwi myembamba.

Hatari, basi, iko katika hatua 5 au 6 za kutoka mtumbwini hadi nchi kavu. Hapo panahitaji makubaliano na wenzake: yeye apande wa kwanza, mtumbwi ukiwa bado umeegemea ardhi, wao wausukume, na warudipo ashuke wa mwisho, akisha kuvutiwa hadi pakavu. Baadhi ya wenye mitumbwi hunung'unika, kwa sababu mkono mmoja umepungua wakati wa kusukuma. Hulipwa fidia kwa nyavu zilizoshonwa usiku na mtu ambaye kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kukaa. Na penye tope lililozidi huwekwa ubao, futi 8 au 9 hivi, kutoka kwenye omo hadi kwenye nyasi, ambao kina mama wauzao samaki nao wameanza kuupitia wakiwa na mabeseni yao kichwani.