Makanisa Yanayotazamana na Bandari

Shuka basi la mwendokasi Posta ya Zamani, Dar es Salaam, na usiwe na haraka ya pantoni. Kanisa la Azania Front liko pale pale: mnara mweupe, vigae vyekundu, na juu ya madirisha kipaa kidogo kama kofia ya kukinga jua la pwani. Walutheri wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo lipo la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, ambalo mnara wake mrefu bado hauonei aibu maghorofa ya vioo. Jumamosi matarumbeta ya harusi hushindana na honi za boti za Zanzibar, ambazo gati lake liko ng'ambo tu ya barabara. Sijui mahali pengine mjini penye kelele tamu hivyo.

Makanisa haya yalisimama chini ya bendera ya Kaiser, na watu wa pwani hawakutenganisha padri na mtawala. Hata kabla hayajajengwa, Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ya Wabenediktini kule Pugu ilivamiwa na kuchomwa. Gavana wa Kijerumani alikaa mwisho wa ufukwe huu huu, ilipo Ikulu ya Magogoni leo.

Ndiyo maana napenda yaliyofuata. Pasaka ya 2018 maaskofu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, walitoa waraka juu ya uhuru wa kusema na hali ya siasa nchini. Ikatoka barua ya serikali kuwataka waufute. Siku chache baadaye waziri wa mambo ya ndani mwenyewe akaikana barua hiyo, na msajili wa jumuiya akasimamishwa kazi. Agosti 2023 ikawa zamu ya Wakatoliki. Baraza la Maaskofu lilipinga mkataba wa bandari na Dubai, na tamko likasomwa makanisani Jumapili. Hebu fikiri kulisikia ndani ya Mtakatifu Yosefu, makontena yakipakuliwa jirani! Wapo waliosema maaskofu wanaingilia siasa. Mimi naona kanisa lililowahi kuegemea dola lina deni la kuihoji.

Hata hivyo, Oktoba 22, 2023, mkataba wa uendeshaji wa miaka 30 ulisainiwa Dodoma, na DP World, kampuni ya Dubai, ikakabidhiwa gati namba 4 hadi 7. Ukifika Kivukoni, ingia makanisa yote mawili kabla ya kwenda Feri kula samaki.