Mstari Wima na Haki ya Mtahiniwa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hisabati, ukuta wenyewe ni mstari wima, na ufa ni uzembe wa kuuchapa.

Tuseme mwalimu wa Migori ametunga mtihani wa majaribio wa KCSE kwa mkono, akaupeleka kwa mpiga chapa. Mistari miwili inayoizingira −5 hudokeza umbali wa namba hiyo kutoka sifuri, yaani 5. Mpiga chapa akiweka tarakimu 1 mahali pa mistari hiyo, |−5| hugeuka 1−51, na jibu huwa −50. Mtahiniwa wa Homa Bay anayeifanya karatasi iyo hiyo atakosa alama, wala si kwa ujinga wake.

Mazoea hayo yana asili. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Herufi ndogo l ilitosha. Jicho likazoea kuona kila kijiti kilichosimama kuwa sawa na kingine.

Ilhali alama hii ina historia yake. Mwaka wa 1841 Karl Weierstrass aliitumia kuonyesha ukubwa wa namba pasipo kujali ishara yake. Mwaka uo huo Arthur Cayley aliitumia kuzingira detaminanti ya matriki. Aidha, ikisimama peke yake huwa kama kitenzi: 3 | 12 ni sentensi kamili, kwamba 3 huigawa 12 bila baki. Ukiweka mkwaju, 3/12, sentensi imekufa; imebaki robo.

Programu ya TeX, ambayo Donald Knuth alianza kuiunda mwaka wa 1977, pamoja na LaTeX iliyojengwa juu yake, hutofautisha kazi hizo. Amri \mid huupa mstari wa katikati nafasi pande zote mbili. \lvert na \rvert hufungua na kufunga. Mstari mtupu ukitangulia ishara ya kutoa, programu hudhani kuna namba inayotolewa, ikaiachia ishara hiyo nafasi isiyostahili.

Mwanafunzi wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa la wengine. Yeye hukataa ng'ombe aandikwe bila ritifaa, kwa kuwa kialama hicho kidogo hubeba sauti nzima. Mstari wima nao hubeba maana nzima. Basi anayesahihisha rasimu, awe wa lugha au wa hesabu, ausome kabla karatasi haijatolewa nakala. Ukumbini mtahiniwa hana wa kumwuliza.