Kisu Chenye Mabawa



Udongo wa mji wetu haufichi siri kwa muda mrefu. Mvua kubwa ikinyesha Kisangani, mitaro hutoa maganda ya risasi na vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu. Sisi tuliozaliwa baada ya vita vya Juni 2000 tumekua tukivichezea. Ndiyo maana, siku tulipoazima mashine ya kutafutia dhahabu kwa mjomba wa mwenzetu mmoja, hatukufikiri kwamba tunafanya jambo zito. Tuliifunga nyuma ya toleka, tukaenda upande wa Simisimi, mahali tulipokuwa tunafyeka shamba la mihogo la kikundi chetu.

Mashine ililia mara nyingi. Tulipata misumari, kifuniko cha sufuria na kipande cha bati. Karibu na magharibi ikalia tena, nasi tukafukua kwa jembe kwa pupa. Kikatoka kitu kidogo kuliko kiberiti: kisu kilichoelekeza ncha chini, chenye mabawa mawili, na utepe wenye maandishi mbele yake. Tulishangilia kama watu waliookota almasi.

Kabla ya kuendelea, tunapaswa kukiri makosa matatu, maana ndiyo yaliyotufundisha.

La kwanza, tulifukua bila kujua tunachofukua. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mizinga, na si kila kombora lililoanguka lililipuka. Mashine hulia kwa sauti ileile mbele ya dhahabu na mbele ya bomu. Wategua mabomu wana kanuni rahisi: simama, usiguse, weka alama kwa mbali, toa taarifa. Sisi tulipiga jembe. Kwamba tuko hai kuandika haya si kwa sababu ya akili zetu.

La pili, hatukupima kina cha shimo wala hatukuandika ni wapi hasa tulipofukua. Kesho yake tulipanda mihogo juu yake.

La tatu, tulikisugua kitu kile kwa ndimu na mchanga hadi kikang'aa. Tulidhani tunakipa heshima, kumbe tulikuwa tunafuta ushahidi. Kutu na udongo ulioshikamana na chuma husaidia kueleza kimekaa ardhini kwa muda gani na katika hali gani. Kikishang'arishwa, kimenyamazishwa.

Kisha tukaanza kubishana. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yenye maana ya kwamba anayethubutu ndiye ashindaye. Mmoja akasema ni kitu cha Waingereza. Mwingine akasema ni cha Wamarekani, kwa kuwa ndege za mwaka 1964 zilikuwa zao. Tulipochoka, tulimpelekea mwalimu mstaafu wa historia. Aliipeleka ile beji dirishani, akaigeuza nyuma kabla ya kuitazama mbele.

Alitueleza kwamba askari wa kwanza wa miavuli wa Ubelgiji waliundwa Uingereza mwaka 1942, nchi yao ikiwa mikononi mwa Wajerumani, nao wakaingizwa katika kikosi maalumu cha Waingereza chenye nembo ya kisu na mabawa. Vita vilipokwisha, batalioni yao ya kwanza ya miavuli ilibaki na nembo hiyo pamoja na maandishi yake ya kigeni. Na batalioni hiyo ndiyo iliyoruka alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 kutoka katika ndege za Marekani, ikatua kwenye uwanja wa gofu kando ya uwanja wa ndege wa Simisimi. Mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, na Wasimba walikuwa wameushika tangu mwanzo wa Agosti. Askari hao walikuja kuwaokoa wageni waliotekwa.

Tulitazamana kwa furaha. Yeye hakufurahi. Akasema, «Wanangu, sasa mnajua beji ya namna hii ilikuwa ya nani. Bado hamjui hii ni ya nani.»

Akatuonyesha tofauti. Beji iliyopigwa kwa muhuri wa chuma ina mistari mikali, na unyoya wa bawa huonekana mmoja mmoja. Nakala iliyomiminwa katika kalibu huwa na mistari iliyolegea na vishimo vidogo kama vya mkate, na mara nyingine alama ya mshono pembeni. Nyuma hutazamwa namna ya kushikizia, na kama ilitengenezwa pamoja na beji au iliongezwa baadaye. Yetu ilielekea kuwa ya kupigwa, lakini mchanga wetu ulikuwa umekwisha kulainisha ile mistari iliyopaswa kutoa jibu. Hata ingekuwa ya kweli, alisema, kitu cha kweli huweza kufika mahali kwa njia nyingi: kupotezwa, kupewa zawadi, kununuliwa. Kilichoweza kuifunga beji hii na alfajiri ile ni ardhi yenyewe, nasi tuliipindua bila kuisoma.

Habari zilienea. Akaja mfanyabiashara mmoja mpita njia, akatutajia bei. Ilitosha nauli ya wengi wetu kwenda hija Isiro, kwenye kaburi la Mwenye Heri Anuarite. Alitaka jambo moja tu: tumwandikie karatasi kwamba beji ilipatikana kwenye uwanja ule wa gofu, pamoja na vifungo vya mwamvuli. Tulijadiliana usiku mzima. Ni lazima tuseme ukweli: wengi wetu tulikuwa tayari kuandika. Tulijiambia kwamba uongo mdogo juu ya chuma haumdhuru mtu.

Tulikuwa tumekutana uani kwa mama mkongwe mmoja ambaye sote tunamwita Koko. Alikuwa akichambua sombe, nasi tulidhani hasikii. Mwishoni akauliza, «Huyo aliyepoteza kofia, ninyi mnamtafutia jina. Mume wangu alitoka siku zile kutafuta chumvi, hakurudi. Mashine yenu ikipita juu yake, italia?»

Hakuna aliyejibu. Mume wake alivaa shati na suruali. Hakuwa na chuma mwilini.

Usiku ule tulimkumbuka Anuarite kwa namna nyingine. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wiki moja tu baada ya miavuli kuanguka Simisimi. Alizikwa katika kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye mabaki yalipofukuliwa, alitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo tangu alipoondolewa Bafwabaka. Kitu kidogo kilitosha kumrudishia jina lake, kwa sababu wenzake walikijua, na hakuna aliyeongeza neno juu yake. Kama mtu angekuwa ameuza sanamu ile kwa maelezo ya kubuni, au kuweka nyingine mahali pake, nani angejua leo tunapiga magoti mbele ya nani?

Ushahidi una uzito hata mbele ya mataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mwaka 2022, iliiamuru Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, yakiwemo ya Kisangani. Lakini ilieleza kwamba ushahidi haukutosha kujua kwa usahihi idadi ya waliokufa. Wafu wasioandikwa huwa vigumu kuwahesabu.

Hatukumwandikia mfanyabiashara karatasi. Wenzetu wawili waliudhika, wakaacha kuja kwa muda. Isiro hatujaenda bado. Beji iko kwa yule mwalimu ndani ya kikopo, na juu yake tumebandika maneno haya: «Nembo ya aina iliyovaliwa na batalioni ya kwanza ya miavuli ya Ubelgiji. Ilipatikana upande wa Simisimi. Kina hakikupimwa. Imesuguliwa na walioipata. Mwenyewe hajulikani.» Ni maneno machache, na mengine yanatuaibisha, lakini hakuna hata moja la kukanusha.

Kisha tulinunua daftari. Kila Jumamosi wawili wetu huketi na mzee mmoja na kuandika majina ya waliopotea, ya mwaka 1964 na ya mwaka 2000, kwa kanuni zilezile: nani anasema, alimwona wapi mara ya mwisho, lini, na kipi hakijulikani. Jina la kwanza ni la mume wa Koko. Mashine tulimrudishia mjomba.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ukikuta chuma usichokijua shambani au njiani, utafanya nini kwanza, na utamwambia nani?
2. Ni lini tulipamba ukweli kwa sababu lengo letu lilikuwa jema?
3. Ni nani katika mtaa wenu ambaye jina lake linakumbukwa na mtu mmoja tu?